Saa Moja Hadi Goma

Wakati wa vita niliacha kufundisha jiografia nikawa mtu wa kupima watu kwa kilo. Shule yetu hapa Kindu ilikuwa imefungwa. Wanajeshi walilala madarasani na kupikia madawati. Nilikuwa na mke, watoto watatu, na mwandiko mzuri, na mwandiko ndio ulionipatia kazi uwanja wa ndege. Komanda aliyeshika uwanja alikuwa akigombana na rubani kila mara kuhusu uzito, akataka mtu anayejua kujumlisha, awe anaandika listi ya abiria na mizigo. Akaambiwa kuna mwalimu. Niliitwa, nikaenda. Hakuna aliyenishika mkono. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wengi wa rika langu, ukiwauliza walifanya nini miaka ile, wanasema walilazimishwa.

Mji ulikuwa umefungwa pande zote. Treni ya kusini haikuja tena, barabara zilimezwa na msitu, na mtoni, ukishuka kuelekea Lokandu, ulipigwa risasi bila kuulizwa jina. Njia iliyobaki ilikuwa ya juu, kwenda Goma. Ndege ya mizigo ilileta chumvi, sabuni, pombe na vitenge. Ikirudi, ilibeba mawe meusi yenye madini ya bati yaliyotoka Kampene na Punia, yaliyokuja kwetu juu ya baiskeli zilizosukumwa na wanaume siku nyingi msituni. Nafasi ikibaki, ilibeba na watu. Abiria hawakuwa na viti. Walikaa juu ya magunia, wakishikana.

Mizani yangu ilikuwa bamba la chuma lililotosha ng'ombe, na juu ya bamba hilo kila kitu kilipita. Mbuzi walipimwa hapo, wakanya hapo. Mafuta ya mawese yalimwagika hapo. Kulikuwa na nyama ya porini, nyani hasa, iliyokaushwa vibaya kwa haraka, na magunia yake yalipowekwa funza walidondoka na kubaki kwenye bamba wakijikunja juani. Kisha mtu alipanda, mara nyingi pekupeku, akasimama wima kama wanavyosimama watu mbele ya daktari, nami nikasoma mshale. Nilikuwa na kitambaa cha kupangusia. Nilipangusa zilipoletwa marobota ya vitenge vya mke wa komanda. Sikumbuki hata siku moja niliyopangusa kwa ajili ya mtu.

Ndege iliporudi, matapishi ya abiria wa asubuhi yalikuwa yameshakauka sakafuni. Wake wawili wa askari waliingia na ndoo za maji, wakamwaga, na maji yale yalitoka mlangoni yakiwa na rangi ya uji, yakapita katikati ya watu waliokuwa wakisubiri. Wiki ya kwanza sikuweza kula. Wiki ya tatu nilikuwa nakula mhogo wangu nimekaa pale pale kando ya mizani, mkono wa kushoto ukifukuza nzi. Mke wangu aliniamuru nivue nguo nje ya nyumba.

"Harufu yako inaingia kabla yako," aliniambia. "Watoto wanaiogopa."

Nilivua, nikaoga, nikaingia. Nilidhani maji yanatosha.

Jirani yetu upande wa kambi ya reli alikuwa mashinisti, dereva wa treni. Alizaliwa Katanga, alikuja Kindu na reli akiwa kijana, akaoa huku, akabaki. Aliniita mdogo wangu, ingawa hatukuwa na undugu wowote. Kabla ya vita, kila mwaka nilimpelekea wanafunzi wangu stesheni. Aliwatembeza kando ya reli na kuwaonyesha nguzo za kilomita, moja baada ya nyingine, akawaambia, "Munaona? Kilomita njo hii. Haiko kitu ya kitabuni. Unaweza kuitembea na miguu." Watoto waliielewa kilomita kwake kuliko walivyoielewa kwangu.

Treni ziliposimama alianza kutengeneza mapaa ya watu. Bati lenye kutu likamkata chini ya goti. Kidonda kilikuwa kidogo, baadaye hakikuwa kidogo. Hospitali haikuwa na dawa, na daktari aliyebaki alimwambia mkewe ukweli: mguu ukatwe, na yeye hana kitu cha kumlaza mtu usingizi, hana hata uzi wa kushonea. "Mupeleke Goma," alisema. "Mupeleke haraka."

Mkewe alikuja kwangu nyumbani. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini. Hakulia.

"Mwalimu, iko nafasi?"

"Iko, Mama. Nitawaandika wote wawili. Mje kesho asubuhi."

Niliwaandika mbele yake. Namba saba na namba nane. Aliangalia kalamu hadi ilipomaliza jina la mume wake, kisha akanishukuru kwa mikono miwili.

Asubuhi shemeji zake walimleta wamembeba kwenye kiti. Mguu ulikuwa umefungwa kwa shuka lililokuwa jeupe. Nilimpima akiwa juu ya kiti, nikapima kiti peke yake, nikatoa. Alikuwa amebaki mifupa. Nilimpima mkewe na kikapu chake. Tulikuwa na abiria kumi na wawili, magunia yameshaingia, hesabu imekaa sawa, rubani amekubali kwa kichwa. Ndipo gari la komanda likaja na magunia mengine, moja la mawe na mawili ya nyama.

"Mwalimu," komanda alisema bila kushuka, "toa watu wawili."

"Nani, komanda?"

"Mimi nitajua wapi? Wewe njo mwenye listi."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani kwa miaka mingi nikitafuta ndani yake amri ya kumtoa mashinisti. Haimo. Alisema watu wawili. Angeweza kutoka mfanyabiashara wa vitenge ambaye angesafiri hata baada ya mwezi. Angeweza kutoka kijana mmoja aliyekwenda kutembelea mjomba wake. Lakini mfanyabiashara alikuwa akiniletea samaki, na kijana yule alikuwa mtoto wa mtu mkubwa. Nilisimama na listi mkononi nikizungusha macho, na nilichokuwa natafuta ni sababu.

Upepo ukageuka ukaniletea sababu. Mguu ule ulikuwa unaoza, na kuoza kwa mtu aliye hai kuna utamu fulani ndani ya harufu yake, unaokwenda moja kwa moja kooni. Mama mmoja katika abiria akavuta kitenge chake hadi puani.

"Huyu atatutapisha wote kule juu," alisema.

Nikalidaka neno lake kama mtu aliyetupiwa kamba.

"Ni kweli," nilisema kwa sauti ya darasani. "Mgonjwa huyu ananuka sana. Ndani ya ndege hakuna dirisha la kufungua. Hatuwezi kuwatesa wengine."

Niliona vichwa vikikubali. Niliona na nyuso zikilegea, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaogopa kuwa ni yeye. Nikaweka listi juu ya goti, nikatoa rula yangu ya shule mfukoni, nikakata majina mawili kwa mstari ulionyooka.

"Mwalimu," mkewe alisema, "si wewe mwenyewe ulituandika jana?"

"Mama, kuna ndeke ingine."

"Siku gani?"

"Wiki hii hii."

Sikuwa najua. Nilisema tu.

Mashinisti alikuwa ananitazama kutoka kwenye kiti. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Mdogo wangu," alisema, "mimi pia nasikia hii harufu. Najua. Waambie wanifunge mguu na nailoni. Wafunge mara mbili, mara tatu. Haitatoka."

Nailoni ilikuwepo. Ilikuwa imefunika marobota, hatua tano kutoka tulipokuwa. Nilimwambia, "Haitasaidia, mukubwa," nikageukia mizani, kwa sababu askari walikuwa wameshaweka gunia la kwanza la nyama. Funza walidondoka kama kawaida. Mmoja alitambaa hadi kwenye kiatu changu. Nikasoma mshale, nikaandika: nyama, na kilo zake, kwenye nafasi iliyokuwa ya namba saba na nane. Hakuna abiria aliyefunika pua. Hata yule mama aliyevuta kitenge. Ile ilikuwa harufu ya mali, na mimi ndiye niliyeipa nafasi.

Ndege ilipaa. Shemeji zake walimwinua na kiti chake, wakarudi mjini kwa miguu, yeye amekaa kuelekea nyuma, akiangalia uwanja.

Haikuja ndege nyingine wiki ile. Mapigano yalisogea hadi karibu na uwanja na rubani akakataa kutua. Ilipofika ndege iliyofuata, mashinisti alikuwa ameshazikwa. Mkewe alisimulia kwamba siku za mwisho mumewe alimwomba amtoe nje alale barazani, ili watoto wasipate shida ya kupumua ndani.

Nilikwenda kwenye matanga. Hili ndilo linalonichefua kuliko mizani, kuliko magunia, kuliko rula. Nilikwenda, nikakaa na wanaume, na mjane akatoka jikoni mwenyewe na sahani, akaniletea mimi wa kwanza kwa sababu ni mwalimu. Nikanawa kwenye beseni, nikala. Alikuwa samaki wa mtoni aliyepikwa kwa mawese. Nakumbuka alikuwa mtamu. Nakumbuka nililamba vidole. Watu walikuwa wanamlaani komanda kwa sauti ndogo, wanasema yeye ndiye aliyemtoa marehemu kwenye ndege, na mimi nikatikisa kichwa pamoja nao.

Vita viliisha, angalau vile. Komanda aliondoka na watu wake. Shule ikafunguliwa, nikarudi kwenye ramani zangu, nikazeeka nazo, nikastaafu. Mke wangu alifariki. Nilihamia ng'ambo ya mto, Alunguli, na binti yangu wa mwisho ambaye wakati ule wa mizani alikuwa ananyonya. Mjane alibaki kambi ya reli. Tulikutana sokoni mara nyingi. Alinisalimu kwa heshima, aliuliza habari za watoto, na mara nyingine alinitia fungu la mboga kikapuni bila kukubali kitu. Siku nyingine nilimwona kwa mbali, nikapita njia nyingine.

Mwaka huu vita vimerudi kule mashariki, na ndege za Goma zimesimama tena. Mchumba wa binti yangu yuko Goma. Siku moja mchana binti yangu alikaa mlangoni na telefone yake, akitafuta njia ya kumfikia, akapita Kisangani, akapita Kinshasa, akazunguka nchi nzima kwa kidole. Kisha akacheka kicheko kibaya.

"Papa, sikia. Inasema kutoka Kindu mpaka Goma ni kilomita kama mia nne tu. Ndeke, saa moja. Saa moja, Papa! Mimi sijamuona muntu wangu mwaka mzima, sababu ya saa moja."

Nilikuwa naijua namba hiyo kuliko mtu yeyote mjini. Ni mimi niliyekuwa naandika ndege imeondoka saa ngapi na imerudi saa ngapi. Iliondoka asubuhi, ikamwaga mizigo kule, ikarudi kabla ya saa sita mchana. Lakini kwa miaka yote nilikuwa nimejiwekea uongo mmoja wa kulalia: kwamba mashinisti alikuwa mtu wa kufa tu, kwamba Goma ilikuwa mbali, kwamba angefia njiani. Namba ile ilipotoka katika kinywa cha mtoto wangu, asiyejua anachokisema, uongo ulikwisha. Saa moja. Kabla ya jua kufika katikati angekuwa mbele ya daktari mwenye uzi.

Siku ya pili nilivuka mto. Njiani nilikuwa nimejipanga vizuri kama mtu anayekwenda kanisani, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Naona aibu hata kwa viatu vile. Nilimkuta mjane uani kwake anatwanga sombe, majani ya mhogo. Amezeeka, lakini bado ni mrefu. Alitaka kuniletea kiti.

"Acha, Mama. Nimekuja kusema neno, nitalisema nimesimama."

"Sema, Mwalimu."

"Siku ile uwanjani. Komanda alisema nitoe watu wawili. Hakusema nani."

Mchi ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka taratibu ndani ya kinu.

"Hakusema nani," alirudia.

"Ni mimi niliyechagua. Nilisema ananuka. Nyama iliyowekwa pahali pake ilikuwa inanuka kuliko yeye. Nilijua."

Kuku alikuja akadonoa majani yaliyoanguka na mjane hakumfukuza. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nafikiri nilikuwa nayataka. Badala yake aliniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mwalimu, wewe ulifundisha mambo ya njia. Ndeke kutoka hapa kufika Goma ni muda gani?"

Yeye hajapanda ndege maishani mwake. Ningeweza kumjibu kwamba ni siku nzima. Ningeweza kusema sijui, zile ndege za zamani zilikuwa za polepole. Lakini nilikuwa katika joto la kusema kweli, na kweli ilinipendeza kinywani kama alivyonipendeza samaki yule.

"Saa moja," nilisema. "Na dakika kidogo."

"Saa moja ya kuanza?"

"Saa moja yote, Mama. Kuanza na kufika."

Alikaa chini. Hakukaa kwenye kigoda, alikaa kwenye udongo, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Mimi nilijua ni siku mbili," alisema. "Watu walikuwa wanasema kule ni mbali sana, unapita juu ya pori ambayo haina mwisho. Niliambia watoto, hata baba yenu angepanda, angekufa kule juu, wangemutupa porini. Afazali alikufa hapa, tulimuosha, kaburi yake iko. Tumekaa na neno hiyo. Mutoto wangu mukubwa alikuwa analia kila siku, nikamutuliza na neno hiyo." Alinyanyua macho. "Sasa nitawaambia nini?"

Nilimtazama na nikaona nilichofanya: nilikuwa nimemchukulia kitu cha pili. Nilibeba uchafu wangu kutoka Alunguli, nikavuka nao mto, nikaja kuupangusia kwake kama nilivyopangusa bamba kwa kitambaa, na nikauita kutubu. Nilianza kusema nisamehe. Hata neno lenyewe lilininukia.

"Usiseme hiyo," alinikatiza. "Enda. Niko na kazi."

Nilikwenda. Kwenye mtumbwi mtu mmoja aliniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo.

Wiki mbili baadaye mtoto wake mkubwa alifika kutoka Kisangani, mwanaume wa makamo sasa, mwenye macho ya baba yake. Alikuwa mmoja wa wale niliokuwa nawapeleka stesheni. Binti yangu alimletea kiti na maji. Kiti hakukikalia, maji hakuyanywa.

"Mwalimu," alisema, "nataka unielezee mimi vile ulimuelezea mama. Yote. Na huyu dada abaki asikie."

Nilimweleza. Nilianza na listi, nikapita kwenye rula na nailoni, nikamaliza na magunia. Hakuniuliza kitu isipokuwa mara moja: alitaka kujua kama baba yake alilia pale uwanjani. Nikamwambia hapana. Akainamisha kichwa, akamuaga binti yangu, akaenda zake. Mimi hakuniaga.

Binti yangu alichukua bilauri ya maji yaliyobaki, akayamwaga nje, akabaki amesimama uani amenipa mgongo. Aliniuliza swali moja tu, kama mama yake alijua. Nikamwambia hapana, mama yako alijua harufu tu.

Tangu siku ile ananipikia kama zamani. Ananiwekea chakula mezani, anafunika, anaita, "Papa, tayari," kisha anachukua sahani yake na kwenda kula kwa jirani. Nawasikia wakiongea upande wa pili wa ua, naye anacheka mara moja moja. Sijamuuliza kitu, wala sijamwita arudi.